Geuza Kompyuta Ndogo ya Zamani Iwe Chombo cha Ramani

Kompyuta ndogo nyingi zilizotengenezwa kati ya 2007 na 2011 zimelala kabatini. Asus ilianza na Eee PC mwishoni mwa 2007, Acer ikafuata na Aspire One, HP na Dell wakaja na za kwao. Ukiiwasha mojawapo leo unasubiri dakika kadhaa, ukifungua kivinjari inaganda, na mwenye nayo anaamua kwamba imekufa. Haijakufa. Kinachoichosha ni diski inayozunguka, RAM kidogo, na sisi wenyewe tunaoilazimisha kubeba kurasa za intaneti za leo. Toa diski hiyo uweke SSD, ongeza RAM, kisha ipe kazi moja inayoiweza.

Kazi ninayoipendekeza ni ramani. Ndani ya kompyuta hiyohiyo unaweza kupachika kipokezi cha GPS kisichoonekana kwa nje, kisichoning'inia kwenye tundu la USB na kuvunjika gari linaporuka shimo. Unapata chombo kinachojua kilipo bila intaneti na bila laini ya simu, chenye kioo cha inchi 10 na kibodi ya kuandikia. Kweli simu nayo inaonyesha ramani. Lakini afisa ugani anayezungukia mashamba, mpima ardhi, mtafiti wa mbung'o au msimamizi wa malori anataka kuona eneo kubwa kwa mara moja, kuandika jina la kijiji na hali ya daraja palepale, na kurudi ofisini na faili moja lenye njia yote aliyopita. Kwa kazi hiyo kioo cha simu ni finyu, na ukikiacha juani nyuma ya kioo cha gari simu inachemka.

Nitaeleza kwa kutumia Eee PC 1000H ya mwaka 2008, kwa sababu ni rahisi kuifungua na umeme wake unafaa safarini. Ina prosesa ya Intel Atom N270 ya gigahezi 1.6, kioo cha nukta 1024 kwa 600, na diski ya SATA ya inchi 2.5 ambayo unaifikia kwa kufungua kifuniko cha chini tu. RAM na kadi ya Wi-Fi ziko chini ya kifuniko hichohicho. Nduguye 1005HA anavutia zaidi kwa umbo, ila kuifikia diski yake lazima ung'oe kibodi na ganda la juu. Kama bado hujanunua, chagua yenye mlango wa chini.

Zipo mbili za kuwa mwangalifu nazo. Eee PC 701, ile ya kwanza yenye kioo cha inchi 7, ina gigabaiti 4 zilizolehemiwa kwenye bodi kuu, huwezi kuzibadilisha. Njia yake ni kadi ya SDHC ya gigabaiti 32 kwenye tundu la pembeni, uweke mfumo wote humo. Eee PC 901 ina SSD iliyo kwenye kadi fupi, na watu wengi huiangalia wakadhani kadi yoyote ya mSATA itakaa. Itakaa, lakini haitafanya kazi, maana nyaya zake zinapitisha mawasiliano ya mtindo wa zamani wa PATA, si SATA. Tafuta kadi iliyotengenezwa kwa ajili ya 901, au iache kama ilivyo.

Tuanze na diski. Ndani ya diski ya kawaida kuna sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, na juu yake kichwa cha kusomea kinaelea kwenye utando mwembamba mno wa hewa. Barabara ya changarawe ni adui wa moja kwa moja wa mtambo huo. Na kwa kuwa kichwa kinaelea kwa hewa, watengenezaji wengi huweka kikomo cha matumizi kwenye mwinuko wa mita 3,000 hivi. Anayefikiria kupanda na kompyuta hadi Horombo, mita 3,720 katika Kilimanjaro, amekwisha kuupita. SSD haina kinachozunguka wala kinachoelea.

Usinunue SSD ya bei kubwa kwa ajili ya kasi. Chipu za kompyuta hii zinaishia gigabiti 1.5 kwa sekunde, kwa hiyo hata SSD bora kabisa haitazidi megabaiti 150 kwa sekunde. Gigabaiti 120 zinatosha na kubaki. Fedha uliyookoa weka kwenye RAM: kuna tundu moja tu la DDR2, na kikomo ni gigabaiti 2. Jambo la kuzingatia zaidi kuliko kasi ni uhalali wa ujazo. Sokoni zipo kadi na flashi zilizoandikwa gigabaiti 128 na ndani zina 8. Zinapokea mafaili yote bila kulalamika, halafu yaliyopita ujazo halisi yanapotea. Kabla hujaweka kitu chochote, zijaribu kwa programu ya bure ya f3 kwenye Linux: f3write inaijaza kadi, f3read inasoma ilichoandikiwa na kukuambia ni kiasi gani kilibaki salama. Inachukua muda, lakini usiruke hatua hii.

Kubadilisha kwenyewe ni kazi ndogo. Toa chaja, toa betri, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Shika chuma kilichogusa ardhi kabla ya kugusa bodi. Skrubu zipange kwenye karatasi uliyochora umbo la kompyuta, kila moja mahali ilipotoka, kwa sababu ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi inaweza kutoboa bodi. Diski ya zamani ina unene wa milimita 9.5 na SSD nyingi zina 7, hivyo weka kipande cha plastiki au kadibodi ngumu kujaza pengo. Vinginevyo SSD itacheza na kichomeo kitalegea baada ya safari chache. Betri ikiwa imevimba, hata kidogo, usiirudishe.

Sasa GPS, ambayo ndiyo sehemu tamu.

Kamera iliyo juu ya kioo, ndani kabisa, ni kifaa cha USB. Kuna waya mwembamba unaotoka bodi kuu, unapita kwenye bawaba, unapanda hadi juu ya kioo. Kamera hiyo ya mwaka 2008 hakuna atakayeililia. Ukiing'oa, unabaki na laini ya USB iliyofika tayari sehemu ya juu kabisa ya kompyuta, mbali na bodi kuu yenye kelele za umeme, nyuma ya plastiki na si chuma. Ni vigumu kupata mahali pazuri kuliko hapo kwa antena.

Nunua kipokezi kidogo cha USB kinachotumia chipu ya u-blox ya kizazi cha 7 au 8, vile vyenye umbo la flashi. Chipu hizi zinazungumza USB moja kwa moja, hazihitaji kigeuzi katikati. Toa ganda la plastiki na kata kichwa cha USB. Ndani utaona bodi ndogo na juu yake kigae cha mraba cha kauri, rangi ya maziwa au kahawia, chenye nukta ya fedha karibu na katikati. Hiyo ndiyo antena. Uso wenye nukta lazima uelekee nje, na hakikisha hakuna chuma mbele yake.

Kabla ya kulehemu chochote, pima nafasi. Kauri hizi kwa kawaida zina unene wa milimita 4, na ukiongeza bodi yake unaweza kukuta fremu ya kioo haifungi. Weka kipande cha udongo laini wa kuchezea watoto mahali pa kamera, rudisha fremu taratibu, ifungue tena, kisha pima unene wa udongo uliobonyezwa. Hapo utajua ununue kipokezi chenye antena kubwa au ndogo. Ukilazimisha fremu kufunga, shinikizo linakwenda kwenye kioo, na mstari mweusi utajitokeza baada ya wiki chache.

Pima pia umeme. Rangi za nyaya hizi nyembamba usiziamini. Kiwanda kinaweza kutumia rangi kinazotaka. Chukua multimita. Kompyuta ikiwa imezimwa, waya unaopitisha hadi kwenye chuma cha fremu ni ardhi. Kompyuta ikiwa imewashwa na kamera imeruhusiwa kwenye BIOS, waya wenye volti thabiti ni wa umeme. Mbili zilizosokotwa pamoja ni za data, na hata ukizigeuza hakuna kitakachoungua: kompyuta haitakiona kifaa, basi, utazibadilisha nafasi. Nyaya zikizidi nne, zilizobaki huenda ni za maikrofoni, ziache.

Kinachoweza kukupa shida ni volti. Kipokezi cha umbo la flashi kinategemea 5, kisha ndani kinazishusha hadi 3.3. Ukipima ukakuta waya wa kamera una 5, unganisha kama ulivyo. Ukikuta 3.3, kishusha umeme cha ndani hakitapata cha kushusha na kipokezi kitayumba, kinashika setilaiti na kupoteza. Hapo una chaguo: ruka kishusha hicho kwa kupeleka 3.3 moja kwa moja kwenye chipu, kama unaweza kuisoma bodi, au vuta waya mmoja mpya wa volti 5 kutoka nyuma ya tundu la USB upitie bawaba. Mimi ningevuta waya. Ni kazi ya uvumilivu, lakini haikuachii mashaka.

Lehemu kwa ncha nyembamba na joto la wastani, kila kiungo kivishe mrija unaosinyaa kwa joto au tepu isiyopitisha umeme. Antena ielekeze upande uleule kioo kinakotazama. Kifuniko kinapofunguliwa hulala nyuma kidogo, kwa hiyo upande wa kioo ndio unaoangalia mbingu. Kagua kwa multimita ndani ya plastiki ya fremu. Baadhi zimepakwa rangi yenye chuma, na rangi hiyo inazuia mawimbi. Kwangua sehemu iliyo juu ya antena pekee, mengine yaache yaendelee kuikinga kompyuta.

Watu wengine hupendelea kuweka kipokezi chini ya sehemu ya kupumzishia mikono, kwa kuwa pale antena inalala ikitazama juu moja kwa moja. Hoja hiyo ina nguvu. Lakini pale pana bodi kuu chini yake na mikono yako juu yake, na ishara ya GPS inayofika ardhini ni hafifu mno: inatoka kwenye setilaiti zilizo kilomita 20,200 juu, kwa masafa ya megahezi 1575.42, na kelele ya chipu iliyo sentimita mbili jirani inatosha kuizamisha. Kifuniko ni bora. Kwa mtu atakayefanya kazi ndani ya gari la bati siku nzima, nunua kipokezi chenye tundu la antena ya nje, utoe tundu dogo ubavuni, na antena yenye sumaku uiweke juu ya paa.

Kuna faida moja ambayo mafundi wa Eee PC waliigundua mapema na bado inapendeza. Swichi ya programu iliyokuwa ikizima kamera sasa inazima GPS. Katika Linux, ukiandika 0 kwenye faili /sys/devices/platform/eeepc/camera umeme wa laini ile unakatika. Ukiandika 1 unarudi. Tengeneza vitufe viwili kwenye eneo-kazi, na betri yako itadumu zaidi wakati huhitaji setilaiti.

Kuhusu mfumo endeshi, N270 ni ya biti 32, na milango inafungwa. Debian 12 ya mwaka 2023 ndiyo ya mwisho kutoa kisakinishi cha biti 32. Debian 13 ya 2025 imekiacha. Weka Debian 12 yenye eneo-kazi jepesi la LXDE, au antiX 23, ambayo inafaa hata kwa ile 701 ya zamani zaidi. Bonyeza Esc wakati wa kuwasha ili uchague flashi. Tumia ext4 na chaguo la noatime, usitenge eneo la swap kwenye SSD bali tumia zram, na kwa Debian ruhusu fstrim.timer ifanye usafi kila wiki. Hayo yanatosha, ushauri mwingine mrefu wa kulinda SSD ni wa miaka ambayo SSD zilikuwa dhaifu.

Kipokezi kitajitokeza kama /dev/ttyACM0. Sakinisha gpsd, na kwenye /etc/default/gpsd taja kifaa hicho. Kisha nenda nje, mahali pasipo na miti wala ghorofa, fungua terminali na uandike cgps -s. Fanya jaribio hili kabla hujafunga skrubu ya mwisho. Mara ya kwanza usiwe na haraka: kila setilaiti inarudia taarifa za njia yake mwenyewe kila baada ya sekunde 30, lakini orodha kamili ya setilaiti zote inachukua dakika 12 na nusu kupokelewa. Iache robo saa. Ukiona setilaiti sita au zaidi zinatumika na mahali hapahami ovyo, funga kompyuta. Ukiona nyingi zinaonekana lakini nguvu ya ishara ni ndogo, washa na uzime taa ya kioo. Ishara ikipanda taa inapozimwa, antena iko karibu mno na nyaya za kioo, isogeze.

Angalia na tarehe. GPS huhesabu wiki kwa namba inayoishia 1,023 na kuanza upya. Ilirudi sifuri tarehe 6 Aprili 2019. Vipokezi vya zamani ambavyo havikuandaliwa kwa hilo vinaonyesha mahali sahihi lakini tarehe ya karibu miaka 20 iliyopita. Ukitoa kipokezi kwenye kifaa chakavu, kipime kwa hili kwanza, maana kumbukumbu zako zote za safari zitabeba tarehe hiyo. Kipokezi kizuri kinakupa na saa ya kuaminika: unganisha gpsd na chrony, na kompyuta ambayo betri yake ndogo ya saa imekufa itajirekebisha yenyewe kila inapoona anga.

Kwa programu, Navit inakuongoza njiani bila intaneti na ni nyepesi vya kutosha. Viking ni ya kurekodi njia, kuweka alama na kuandika maelezo, kisha kuhifadhi yote kwenye faili la GPX. Data ya ramani inatoka OpenStreetMap. Geofabrik hutoa kifurushi cha kila nchi, na cha Tanzania ni mamia ya megabaiti. Kukigeuza kiwe ramani ya Navit kwa amri ya maptool ni mzigo kwa N270, kwa hivyo fanya hivyo kwenye kompyuta yenye nguvu, kisha hamisha faili kwa flashi. Wavuvi na manahodha wataulizia OpenCPN: inafanya kazi, lakini ramani za bure za bahari zinazotolewa na Marekani zinahusu maji ya Marekani tu. Usiingie mkondo wa Pemba ukitegemea picha ya ramani ya nchi kavu.

Kuhusu umeme wa safarini, chaja ya 1000H hutoa volti 12 na ampia 3, na hilo linamshawishi mtu kuunganisha betri ya gari au ya sola moja kwa moja. Usifanye. Betri ya gari injini ikiwaka hupanda hadi volti 14 na zaidi, na wakati wa kupiga stata huanguka. Nunua kigeuzi kinachoweza kupandisha na kushusha, kiseti kwa volti 12 ukiwa umekipima kwa multimita, weka fyuzi kwenye waya chanya karibu na betri, kisha tumia kichomeo ulichokata kwenye chaja iliyokufa. Kompyuta yenyewe haizidi sana wati 15, kwa hiyo hata paneli ndogo ya sola yenye betri inaibeba siku nzima.

Ramani utakazofungua hazilingani ubora. Dar es Salaam ina mitaa, mifereji na hata nyumba mojamoja katika kata nyingi, kwa sababu kuanzia 2015 wanafunzi wa vyuo na wakazi waliichora chini ya mradi wa Ramani Huria, wakilenga maeneo yanayokumbwa na mafuriko. Nairobi ina Kibera, iliyochorwa na vijana wa huko tangu 2009. Ukitoka mijini, barabara nyingi za vijijini zipo kama mstari usio na jina, au hazipo kabisa. Wewe unayepita huko na kompyuta inayorekodi kila kona, hakikisha kila jioni unahifadhi faili la GPX, uandike majina kama wenyeji wanavyoyatamka, na ukifika penye intaneti uyapeleke OpenStreetMap. Kufungua akaunti ni bure, na atakayepakua kifurushi baada yako ataikuta hiyo barabara.